Kujifungua ni bure, mafuta ya boti je?

Kuna tafiti za wachumi wa afya zinazopanga nchi kwa ufanisi wa huduma za uzazi na watoto wachanga, na mimi nikishaanza kuzisoma huwa silali mapema. Wanachofanya ni hivi, wanachukua vinavyoingia, yani pesa ya serikali, idadi ya madaktari na wakunga, vitanda, afu wanachukua vinavyotoka, watoto wangapi wamevuka mwaka wa kwanza na akinamama wangapi wamefariki kwa kila vizazi hai 100,000, kompyuta inakokotoa, nchi inapewa alama. Aliyetumia kidogo akaokoa wengi anakaa juu, aliyetumia sana akaokoa walewale anashuka. Mimi sina ugomvi na hesabu yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba upande wa vinavyoingia mara nyingi unaangalia mfuko wa serikali, wakijitahidi sana na wa bima, wakati huku kwetu Kigoma siku mama akishikwa uchungu mfuko wa serikali ni mmoja tu kati ya mifuko kibao inayofunguliwa usiku huo.

Sera yetu kila mtu anaijua, mjamzito halipi, mtoto wa chini ya miaka mitano halipi. Vizuri. Sasa muulize mwanamke yeyote wa Mwanga, Gungu au Ujiji aliyejifungua miaka ya karibuni alienda na nini mkononi, atakutajia bila kufikiri: beseni, ndoo, mpira wa kutandika kitandani, glavu, pamba, nyembe, vibana kitovu, vitenge vya kutosha, na hela kidogo imefungwa kwenye ncha ya kanga kwa ajili ya lolote litakalojitokeza. Mimi mwenyewe orodha hiyo nilipewa kliniki kwa mdomo tu, haikuandikwa popote, nesi anaitaja huku anajaza kadi kama anavyokukumbusha tarehe ya kurudi. Simlaumu yule nesi hata kidogo, glavu zikiisha stoo yeye anafanyaje, amzalishe mtu mikono mitupu? Ila jioni ile nilikaa na mume wangu tukapiga hesabu ya hiyo bure, tukaangaliana.

Na mimi ni wa mjini. Kaka yangu anaishi na mke wake huko kusini ziwani, ukanda wa Uvinza, kule ambako barabara ni ziwa lenyewe. Wifi yangu kwenye mimba yake ya pili aliambiwa asijifungulie zahanati ya kijijini kwa sababu mtoto wa kwanza alitoka kwa upasuaji, hiyo ni sahihi kabisa kitaalamu, kovu la kwanza linaweza kuachia wakati wa uchungu na zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu. Kwahiyo inabidi aje mjini kabla ya siku zake. Aje na nini? Boti. Boti inataka mafuta, inataka nahodha, inataka ziwa litulie. Akaja na mama yetu kama msindikizaji, maana huwezi kumwacha mtu na tumbo la miezi tisa peke yake ugenini, wakakaa kwangu wakisubiri, chakula ni juu yetu (kwa furaha, sisemi vinginevyo), na kaka akabaki kule na mtoto mkubwa, akakosa kuvua sehemu nzuri tu ya giza, na wavuvi wa dagaa mnajua kukosa giza ni kukosa nini, mbalamwezi ikishatoka taa hazina kazi unarudi kulala.

Nikamwambia wifi lakini si ni bure jamani, nilikuwa natania. Akanijibu, "Wifi, bure ipo, ila ipo huku kwenu mjini. Mimi kuifikia ndo nalipia."

Sasa kwenye jedwali la wale wachumi safari yote ile ni sifuri. Mafuta sifuri, mama yetu sifuri, giza la kaka sifuri, beseni sifuri. Kinachoonekana ni kitanda kimoja, nesi mmoja, daktari mmoja, na mtoto mzima wa kike analia vizuri. Ufanisi mkubwa sana! Ndo maana nikiona nchi maskini imewekwa juu kwenye orodha nauliza kwanza nani kalipia kilichobaki.

Nisieleweke vibaya lakini, mambo yamebadilika kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulitoa vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukatoa 104. Wanawake waliojifungulia kwenye kituo cha afya wametoka asilimia 63 mpaka 81. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 mpaka 43 kwa kila watoto 1,000. Hiyo 104 kuna watu wanaibishia, na wana sababu, kwa sababu namna yake ya kupima ni kuwauliza watu kuhusu dada zao waliofariki, na makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalitupa 238. Umeona shida nyingine hiyo? Ukiingiza 104 kwenye kompyuta tunapanda, ukiingiza 238 tunashuka, na wodi ni zilezile, manesi ni walewale. Mimi naamini vifo vimepungua, kwa kiasi gani hasa ndo wataalamu wataendelea kuvutana, ila mtu yeyote wa umri wa mama yangu atakwambia zamani kila ukoo ulikuwa na jina la mwanamke aliyekufa na mimba na leo sio kila ukoo.

Twende nje kidogo. Marekani ndo mfano unaopendwa na kila mtu na mimi pia naupenda, kwa sababu inatumia karibu asilimia 17 ya pato lake lote la taifa kwenye afya, hakuna tajiri mwingine anayeifikia, na bado mwaka 2022 vifo vya uzazi vilikuwa 22.3 kwa kila vizazi hai 100,000 wakati Norway na wenzake wako kwenye viwili vitatu. Mwaka 2023 ikashuka mpaka 18.6, ila kwa wanawake weusi ilikuwa 50.3 na weupe 14.5. Nchi moja, sheria zilezile, mashine zilezile! Hapo sio pesa imepungua. Kule bili inakuja wazi na jina lako juu yake, na ukishatoka hospitali hakuna sheria ya nchi nzima inayokupa likizo ya uzazi ya kulipwa, ile ya 1993 inakupa wiki 12 bila mshahara, tena kama umekidhi vigezo. Sisi sheria yetu ya kazi inatoa siku 84 zenye mshahara, 100 kwa mapacha, huwa nikiwaambia watu hawaamini kwamba hapo tumeizidi Marekani kwenye karatasi. Ni kwenye karatasi kweli, maana anayeuza migebuka sokoni Kibirizi hana mwajiri wa kumwandikia barua.

Halafu kuna Uholanzi, na hii ndo iliniacha hoi. Mama akijifungua anatumiwa mtu nyumbani, mtu aliyesomea kabisa kazi hiyo, anakuja kwa kama siku 8, anamwangalia mama kama anatoka damu kupita kiasi, anapima mtoto, anafundisha kunyonyesha, anafua, anapika, anamwangalia na yule mtoto mkubwa. Bima inalipa karibu yote. Nikasoma nikasema huyu ni mama mkwe! Huyu ni bibi aliyekuja na kikapu chake kukaa mpaka arobaini! Kazi ni ileile ya uji wa moto, kukanda tumbo, kuogesha mtoto, kumfukuza baba mtu asisumbue. Tofauti ni kwamba kule ile kazi ina mshahara, ina chuo, ina mstari kwenye bajeti, kwahiyo kwenye hesabu za ufanisi Waholanzi wanaonekana wametumia hela, sisi tunaonekana hatujatumia chochote. Na kule aliyesomea anajua dalili za hatari, wakati bibi zetu wengine kwa mapenzi mema kabisa wanapaka vitu kwenye kitovu ambavyo manesi wanakataza kila siku.

Finland nao wana yao. Mwaka 1938 walianza kugawa boksi la vitu vya mtoto kwa akinamama wenye kipato kidogo, mwaka 1949 likawa la kila mama, kwa sharti moja, ili ulipate lazima uwe umeshaonekana kliniki kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Fikiria hilo sharti. Serikali inanunua beseni (tuseme hivyo), na kwa kununua inampata mjamzito mapema, anapimwa presha, anapimwa damu. Sisi tumegeuza, mama ndo anatakiwa kuja na beseni, na kuna wanaochelewa kuanza kliniki au wanaojifungulia nyumbani kabisa kwa sababu hawajakamilisha vifaa na wanaogopa kufokewa. Nilishasikia hiyo kwa mwanamke wa Mwandiga kwa masikio yangu. Kwahiyo glavu ambayo stoo imeshindwa kununua inakuja kugharimu nchi upasuaji wa dharura. Sijui kompyuta yao inaliona hilo.

Lakini bure nayo ukiitangaza tu haitoshi, majirani zetu wa Burundi hapo Manyovu waliona. Mei 1, 2006 rais wao Nkurunziza alitangaza kujifungua na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano kuwa bure kwenye vituo vya serikali, watu wakaja kwa wingi, na wodi zikafurika, wahudumu walewale, dawa zilezile, na hela za kufidia vituo zinachelewa. Baadae ndo wakaja kuunganisha ile bure na utaratibu wa kulipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika, mwaka 2010 nchi nzima. Akinamama walikuja na hilo ni jema, ila huwezi kufungua mlango bila kuongeza viti.

Sri Lanka ndo nchi ninayoipenda kuliko zote kwenye habari hii. Sio tajiri, matumizi yake ya afya ni kama asilimia 4 tu ya pato la taifa, na mwaka 2020 vifo vya uzazi vilikuwa kama 29 au 30 kwa 100,000. Walianza zamani, kituo chao cha kwanza cha mfano kilifunguliwa Kalutara mwaka 1926, kazi ikiwa ni mkunga wa jamii mwenye eneo lake, anaijua kila nyumba, anajua nani ana mimba kabla mwenye mimba hajasema. Na kila mama akifariki kifo chake kinafuatiliwa, nani alimwona, saa ngapi, nini kilikosekana. Ila angalia tena, yule mkunga ndo anatembea kwenda kwa mama. Nauli iko kwa serikali. Hapo ndo nasema ufanisi wao ni wa kweli, maana hawakuupata kwa kumsukumia mwanamke gharama.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu kuna jambo la Kigoma ambalo watu wa Kigoma wenyewe wengi hawalijui na linaniuma.

Miaka ya 80 katikati hospitali yetu ya mkoa, hii hii ya Maweni, vifo vya uzazi vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Hiyo ni mwaka 1984. Daktari aliyekuwa pale, Dk. Godfrey Mbaruku, akakaa chini akarudia mafaili ya akinamama waliofariki, mmoja mmoja, kutafuta kilichowaua. Akaja na mambo 22 ya kurekebisha. Ukiyasikia utashangaa jinsi yasivyo na maajabu: watumishi wawajibike kwenye zamu zao, vitu vilivyopo hospitalini vitumike vizuri, mazingira ya kazi na ya kuishi ya watumishi yaboreshwe, watu wapimwe utendaji wao mara kwa mara, mafunzo yafanyike pale pale kazini, na wananchi wapewe taarifa na wasikilizwe. Mwaka 1991 ilikuwa 186. Kutoka 933 mpaka 186, kwenye mkoa wa mwisho wa reli, wakati ambao nchi nzima ilikuwa imefunga mkanda kiuchumi na hata sabuni ni shida! Yeye na mwenzake Staffan Bergström wakaandika matokeo kwenye jarida la kimataifa mwaka 1995, na hoja yao kubwa ni kwamba kabla hujasubiri pesa nyingi zije, tumia ipasavyo ulicho nacho.

Naipenda ile ya makazi ya watumishi kuliko zote ishirini na moja zingine. Nesi anayelala karibu na kituo, ambaye nyumba yake haivuji, akigongewa saa nane usiku anafika. Nesi aliyepanga mbali anasubiri boda, na boda saa nane usiku kwenye mvua ya Machi muulize mtu wa Kasulu au Buhigwe. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua hana muda wa kusubiri, damu inaweza kummaliza ndani ya saa mbili. Kwahiyo kodi ya nyumba ya nesi ni dawa ya kuzuia damu, ndo ninavyoiona mimi.

Na hatukuishia hapo. Kwa miaka mingi kwenye mkoa huu vituo vya afya vya vijijini vimewezeshwa kufanya upasuaji wa uzazi vyenyewe, na waliokuwa wanashika kisu sana sana ni madaktari wasaidizi, sio mabingwa. Kuna utafiti wa mwaka 2009 uliofanyika Mwanza na Kigoma, Mbaruku akiwemo, uliangalia upasuaji huo, wakakuta madaktari wasaidizi ndo wanafanya sehemu kubwa na kazi yao haina tofauti ya maana na ya madaktari kamili. Msumbiji walishafanya hivyo pia kwa kuwafundisha wataalamu wa upasuaji ambao sio madaktari. Hiki ni kitu ambacho Wamarekani wenyewe wangekaa kujifunza, ila nani atawaambia.

Jirani zetu Tabora nao wana ya kwao mpya kabisa. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya mradi ulioongozwa na hospitali ya Haydom kwenye vituo 30 vya mikoa mitano, Tabora ikiwemo, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, uzazi kama 300,000. Wakunga wanafanya mazoezi mafupi mafupi, mara kwa mara, kwenye wodi yao wenyewe, kwa mdoli, jinsi ya kumwamsha mtoto asiyelia na jinsi ya kuzuia damu, pamoja na vifaa vya kufuatilia mapigo ya mtoto. Vifo vya akinamama vikashuka kwa asilimia kama 75, na vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza kwa asilimia 40. Soma tena orodha ya Mbaruku, mafunzo kazini yamo.

Kuhusu usafiri, hapo serikali imeanza kuingiza mkono mfukoni. Huu mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia mwaka 2022, namba ni 115, hailipiwi vocha, ukipiga au kituo kikipiga wanatafuta gari la wagonjwa, na kama liko mbali wanamwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa, analipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Hii kwangu ndo hatua kubwa kuliko majengo, kwa sababu kwa mara ya kwanza ile gharama iliyokuwa imefichwa kwenye ncha ya kanga imehamia kwenye bajeti, inaonekana, inahesabika. Na ndo hapo mtu wa hesabu atakuja kusema eti Tanzania matumizi yameongezeka kwahiyo ufanisi umeshuka! Hapana bana. Hela ilikuwa inatumika siku zote, ilikuwa inatumiwa na kaka yangu.

Ila 115 ni ya dharura. Wifi hakuwa dharura, alikuwa anakuja mapema kama alivyoelekezwa, na anayekuja mapema analipa mwenyewe. Kuna nyumba za wajawazito kusubiria kwenye baadhi ya vituo, Kigoma zilishajengwa, kitanda unapata lakini chakula mara nyingi ni chako na msindikizaji wako. Cuba wana nyumba kama hizo tangu 1962, na kule mama analishwa na kuangaliwa na daktari muda wote wa kusubiri. Ningekuwa mimi ndo napanga bajeti ya halmashauri ningeanza na chakula cha zile nyumba na lita za mafuta ya boti za kuja kabla ya uchungu, kabla hata ya kununua gari jingine la wagonjwa ambalo kule kwa wifi halifiki.

Nimeanza kuandika kwenye daftari nani alitumia nini nje ya hospitali, kwa majirani na ndugu tu, bila majina. Mafuta peke yake, chakula peke yake, vifaa peke yake, na siku ambazo mwanaume au bibi hakufanya kazi yake. Wenye hesabu zenu nitumieni, wa Kibondo na Kakonko pia, ila hasa nyie wa ziwani kusini, Kalya, Sibwesa, Buhingu, Sigunga, na mtaje boti ilikuwa ya injini au ya makasia maana bei sio moja.